Kujua Kilichobaki: Kipimo cha Betri Katika Historia ya Mashua za Umeme

Mjomba wangu ni mvuvi wa Masese, Jinja. Kabla ya kusukuma mtumbwi majini huinua dumu la petroli, akalitikisa, na hapohapo akajua kama litampeleka na kumrudisha. Betri haina ukarimu huo. Ikiwa imejaa au imekwisha, uzito wake ni uleule na sura yake ni ileile. Historia ya mashua za umeme kwa kawaida huandikwa kama historia ya wavumbuzi na mota zao. Katika insha hii ninadai kwamba kazi iliyochukua muda mrefu zaidi haikuwa kuiendesha mashua, bali kujua umeme uliobaki. Na mashua ya tanga ndiyo inayolidhihirisha tatizo hilo kuliko zote.

Mwanzoni tatizo halikuonekana. Mwaka 1838 Moritz Jacobi aliendesha mashua ya umeme katika Mto Neva, St Petersburg. Betri zake hazikuwa za kuchajiwa. Zilikuwa zikila zinki, na zinki inayoliwa huonekana kwa macho. Lakini mwaka 1859 Mfaransa Gaston Planté alitengeneza betri ya risasi na asidi, inayoweza kuchajiwa tena na tena. Hapo ndipo umeme ulipojificha ndani ya sanduku.

Mwaka 1882 mashua iliyoitwa Electricity ilisafiri Mto Thames, London, ikiwa na betri 45 za aina hiyo. Miaka minne baadaye mashua Volta ilivuka bahari kutoka Dover hadi Calais na kurudi. Waandishi huisifu safari hiyo kwa umbali wake. Mimi huwaza zaidi juu ya saa za kurudi, pwani ya Ufaransa ikiwa nyuma na ya Uingereza bado haijafika: walijuaje kwamba zitawafikisha?

Mwangalizi wa betri za risasi alikuwa na njia mbili kuu. Ya kwanza ni haidromita, kile kibomba cha kioo chenye boya ndani, ambacho mafundi wa betri za magari wanakitumia hadi leo. Betri ikitoa umeme, asidi huwa nyepesi na boya huzama zaidi: asidi ya betri iliyojaa ni nzito kuliko maji kwa karibu mara 1.27, na ya betri iliyokwisha hushuka hadi karibu 1.12. Ni kipimo cha kuaminika, ila jaribu kukisoma ndani ya chombo kinachoyumba. Njia ya pili ni voltimita. Hiyo inasomeka kwa urahisi, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Mota ikivuta kwa nguvu, volti hushuka. Ukiizima na kusubiri, hupanda tena. Anayeisoma akiwa kwenye mwendo huogopa bure, na anayeisoma baada ya mapumziko mafupi hujipa moyo bure.

Mwaka 1897 Mjerumani Wilhelm Peukert alieleza kwa hesabu jambo ambalo bila shaka wengi walikuwa wamelihisi: kadiri unavyoivuta betri ya risasi kwa kasi, ndivyo inavyokupa kidogo kwa jumla. Chukua betri ya ampea-saa 100 iliyopimwa kwa kutoa ampea 5 kwa saa 20. Ukiivuta kwa ampea 50 ungetarajia saa 2. Kwa kanuni ya Peukert, kipeo kikiwa 1.25, utapata saa moja na dakika chache, yaani karibu ampea-saa 56. Kwa hiyo swali la "imebaki kiasi gani?" halina jibu kamili mpaka useme utaitumia vipi. Kwangu huu ndio ugunduzi mkubwa wa historia hii, ingawa hakuna aliyeujengea sanamu.

Njia iliyoenea baadaye ni kuhesabu ampea zote zinazoingia na kutoka, kama karani wa ghala. Betri za lithiamu zimeifanya iwe ya lazima. Aina ya lithiamu, chuma na fosfati, iliyoelezwa na John Goodenough na wenzake huko Texas mwaka 1997, hushikilia volti karibu zilezile kwa sehemu kubwa ya chaji yake. Voltimita hapo haisemi kitu hadi mwisho unapokaribia.

Lakini karani naye hukosea kidogo kila siku, na makosa hujumlika. Husahihishwa pale betri inapojazwa kabisa, hesabu ikaanza upya. Mashua inayolala bandarini penye umeme hupata nafasi hiyo kila usiku. Mashua ya tanga iliyo safarini haina bahati hiyo. Upepo ukiisukuma, maji huzungusha panga la mota, na mota hugeuka kuwa dainamo: umeme kidogo unaingia, kidogo unatoka, siku baada ya siku, bila betri kujaa hata mara moja. Namba kwenye kioo bado inasema asilimia 40 kwa uhakika uleule wa siku ya kwanza. Sisi wenye simu za zamani, zinazozimika zikiwa na asilimia 20, tunalijua jambo hilo vizuri.

Na mota huhitajika hasa wakati mbaya: upepo umekufa karibu na miamba, au mlango wa bandari uko dhidi ya upepo. Ndiyo maana mabaharia waangalifu huandika daftarini ampea na mwendo kila saa, wakalinganisha na namba ya kioo. Zikipingana hupunguza mwendo, kwa sababu nguvu inayohitajika hupanda takriban kwa mchemraba wa kasi. Nusu ya kasi huhitaji karibu moja ya nane tu ya nguvu. Watafika wamechelewa, lakini wakiwa na akiba ya kukwepa miamba.