Mlizamu, Mfereji na Karo: Mapito ya Maji katika Nyumba za Wazee Wetu

Tunapozitaja nyumba za wazee wetu katika Mji Mkongwe wa Unguja, mazungumzo huanzia mlangoni: nakshi, njumu za shaba, maandishi yaliyochongwa juu ya fremu. Mlango unastahiki sifa hizo. Hata hivyo, si mlango uliozisimamisha nyumba zile zaidi ya miaka mia. Zilisimama kwa sababu maji ya mvua yalikuwa na njia ya kutokea, na kwa sababu palikuwa na mtu aliyeilinda njia hiyo kila mwaka.

Tukumbuke kwanza wazee walitoka wapi. Maskati hupata takriban milimita 100 za mvua kwa mwaka, na miaka mingine haifiki hapo. Watu wa Omani walikuwa mabingwa wa kuyaleta maji. Waliyafuata chini ya ardhi, wakayaongoza kwa mteremko mdogo sana hadi kwenye mitende na misikiti. Aflaji zao tano, ikiwamo Falaj Daris ya Nizwa, ziliandikwa na UNESCO mwaka 2006 katika Urithi wa Dunia. Katika nchi kama hiyo, tone la mvua linaloingia uani ni neema, na hakuna anayefikiria namna ya kulifukuza.

Sayyid Said bin Sultan alipohamishia makao yake Unguja, na jamaa nyingi zikamfuata, walikuta nchi inayopata zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, nyingi zikimiminika wakati wa masika, Machi hadi Mei. Mvua ya mwaka mzima ya Maskati huweza kunyesha Unguja katika siku chache za Aprili. Nyumba waliyoipenda ilikuwa ya kuta nene, paa bapa na ua ulio wazi katikati. Ilibidi nyumba hiyo ijifunze elimu mpya, nayo ni elimu ya kuyaondoa maji. Mafundi wa pwani walikuwa nayo tangu kale, kwani miji ya mawe ya Waswahili ilikuwapo karne nyingi kabla ya kufika jamaa zetu.

Maji yalisafiri hivi. Juu ya boriti za mikoko yalipangwa mawe, kisha ukamwagwa mchanganyiko wa chokaa na kokoto, ukapigiliwa hadi ukashikana. Sakafu hiyo ya juu ilionekana bapa, lakini fundi aliinamisha kidogo upande mmoja, penye mlizamu. Mlizamu ulitokeza nje ya ukuta ili maji yaanguke mbali na msingi. Yale yaliyoangukia uani yalipokewa na sakafu iliyoinama nayo kuelekea pembe moja, yakaingia katika mfereji uliofunikwa kwa mawe, yakapita chini ya kizingiti hadi uchochoroni, au yakazama katika karo. Baadhi ya nyumba zilichepusha sehemu ya maji ya paa hadi katika birika, yakatumika kwa kufulia na kuoshea.

Kwa nini jambo hili lilikuwa la uhai na mauti kwa nyumba? Ukuta wa Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo. Ukuta huo huvuta unyevu, na ukipata jua na hewa huutoa tena. Lakini maji yakisimama uani wiki nzima, msingi hulainika, na udongo ulio ndani ya ukuta huanza kuchukuliwa kidogo kidogo. Huku juu, ncha za boriti zilizoingia ukutani huoza pasipo kuonekana. Siku dari inapoanguka, watu husema nyumba ilikuwa kuukuu. Kumbe mlizamu uliziba miaka kumi nyuma.

Maji pia yalikuwa jambo la ujirani. Nyumba ziliegemeana, na paa la huyu lilimwaga kwenye uchochoro wa yule. Fiqhi tuliyosomeshwa chuoni inaitambua haki ya mtu kupitisha maji yake penye milki ya mwenziwe, nayo huitwa haki ya masili. Lakini haki hiyo inabanwa na msingi kwamba mtu asimdhuru jirani yake. Aliyekuwa na haki ya kupitisha maji alikuwa pia na wajibu wa kuusafisha mfereji.

Njia hizo zilipochanganyika na makaro ya vyoo, madhara yalivuka ukuta wa nyumba moja. Kipindupindu kiliushika mji mwaka 1869 na 1870, na daktari James Christie, aliyekuwapo, aliandika habari zake kwa kirefu. Kisima cha uani kikiwa hatua chache kutoka kwenye karo, familia hunywa inachokitupa. Ndiyo maana kazi ya Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ya kuleta mjini maji ya bomba kutoka chemchemi zilizo nje ya mji, ni katika kheri kubwa alizoacha.

Katika nyumba yetu, bibi mzaa baba ndiye aliyekuwa msimamizi wa maji. Kabla ya masika aliwapandisha vijana darini kuzoa majani na vinyesi vya kunguru, kisha akamwaga ndoo moja penyewe na kusubiri uani, aone maji yatatokea wapi na kwa muda gani. Baada ya 1964 jamaa wakatawanyika, na nyumba ikakaliwa na familia kadhaa. Ua ukakatwa kwa kuta za matofali, kila mmoja apate jiko lake, na mfereji ukabaki chini ya kuta hizo. Baadaye ukuta wa nyuma ulipakwa saruji, ambayo huufungia unyevu ndani. Ukuta ukavimba, kisha ukaanguka na vyumba viwili. Waliokaa humo hawakukusudia kuharibu. Hawakuachiwa mtu wa kuwaonyesha mfereji ulipopita.

Hilo ndilo ninalotaka jamaa walioko Maskati, Dubai na London walishike. Tumerithishana hati, picha na nasaba, lakini elimu ya ndoo ya bibi haikuandikwa popote. Nayo haijapitwa na wakati. Kimbunga Gonu kilipopiga Omani Juni 2007, nyua nyingi za Maskati zilizosakafiwa kuta hadi kuta hazikuwa na pa kutolea maji. Anayejenga leo na auinamishe ua wake mbali na nyumba, sentimita moja au mbili kwa kila mita, na aweke chujio linalofunguka ili takataka zitolewe. Maji yake asiyaelekeze kwa jirani. Na ambaye bado ana fungu katika nyumba ya Unguja, kabla ya kutuma fedha za kupaka rangi na kung'arisha mlango, na aulize habari za mlizamu, aagize ukarabati wa chokaa badala ya saruji, na atake mfereji wa uani ufukuliwe.

Mwenye kukumbuka maji yalipita wapi katika nyumba ya kwao, na aandike, hata kama ni mistari miwili na mchoro wa kalamu. Wajukuu wataihitaji ramani hiyo.