Tangazo Hufa, Bango Hubaki: Historia ya Ukusanyaji wa Mabango Asilia ya Michezo na Utamaduni

Utangulizi

Katika mazungumzo ya kila siku, maneno tangazo na bango hutumiwa mara nyingi kana kwamba yana maana moja. Mtu mmoja husema ameona tangazo la mechi ukutani, mwingine husema ameona bango la mechi hiyo hiyo, na msikilizaji haoni tofauti yoyote. Hata hivyo, maneno haya yakichunguzwa kwa makini, hutenganisha mambo mawili. Tangazo limetokana na kitenzi tangaza, ambacho nacho ni kauli ya kusababisha ya tangaa, yaani kuenea na kujulikana. Kwa hiyo tangazo ni ujumbe unaoenezwa. Bango, kwa upande wake, ni kitu: ni karatasi, wino na gundi. Tangazo la pambano la ngumi huishi hadi kengele ya raundi ya kwanza inapolia. Baada ya hapo halimtangazii mtu chochote. Bango lake laweza kuendelea kuwapo miaka mia moja.

Mhadhara huu unafuatilia historia ya watu walioamua kuyahifadhi mabango ya michezo, maonyesho na tamasha baada ya matangazo yake kufa. Hoja yake kuu ni kwamba mkusanyaji wa mabango haokoi picha tu, bali anaokoa ushahidi. Na ushahidi huo hauna nguvu mpaka ijulikane ni karatasi ipi iliyo asilia, imetoka wapi, na ilikuwa mikononi mwa nani. Mifano inayochunguzwa imetoka Paris, Berlin na katika michezo ya Olimpiki, kisha hoja inarejeshwa kwenye taaluma ya Kiswahili.

Paris: kuzaliwa kwa mkusanyaji

Bango la kisasa ni mtoto wa teknolojia na sheria. Mwishoni mwa karne ya 18, Alois Senefelder aligundua huko Ujerumani uchapaji wa kutumia mawe, yaani litografia, unaotegemea kanuni sahili kwamba mafuta na maji havichanganyiki. Mchoraji aliweza sasa kuchora moja kwa moja juu ya jiwe, na kila rangi ikawa na jiwe lake. Kuanzia miaka ya 1860, Jules Chéret aliitumia mbinu hiyo mjini Paris kuchapa mabango makubwa ya rangi kwa gharama nafuu, mengi yakiwa ya kumbi za dansi, sarakasi na michezo ya kuigiza. Kisha ikaja sheria ya uhuru wa uchapishaji ya tarehe 29 Julai 1881, ambayo iliruhusu ubandikaji wa matangazo isipokuwa mahali palipokatazwa. Onyo la kukataza ubandikaji lenye tarehe ya sheria hiyo bado husomeka katika kuta za miji mingi ya Ufaransa.

Katika muongo mmoja tu kuta za Paris zilifunikwa kwa rangi. Mwaka 1891 Henri de Toulouse-Lautrec alichora bango lake la kwanza, la ukumbi wa Moulin Rouge. Mwanzoni mwa mwaka 1895 bango la Alphonse Mucha la mchezo wa Gismonda, lililomwonyesha mwigizaji Sarah Bernhardt, lilitokea barabarani na kumpa mchoraji huyo umaarufu wa ghafla. Hapo ndipo alipozaliwa mkusanyaji. Wapo waliowahonga wabandikaji ili wapewe karatasi kabla hazijapakwa gundi, na wapo waliotoka usiku na sponji zenye maji kuyabandua mabango kutoka ukutani. Wafanyabiashara wa picha kama Edmond Sagot wakaanza kuyauza rasmi madukani, na baadhi ya wachapaji wakawa wanachapa nakala za ziada zisizokusudiwa kubandikwa popote.

Ni dhahiri kwamba hapa kulikuwa na mgongano. Kitu kilichotengenezwa ili kionwe na wapita njia wote kilianza kutengenezwa ili kimilikiwe na mtu mmoja. Kati ya mwaka 1895 na 1900 ulitolewa mfululizo ulioitwa Les Maîtres de l'Affiche, wenye picha 256 za mabango mashuhuri yaliyopunguzwa ukubwa ili yatoshe katika makabati ya nyumbani. Karatasi hizo leo ni kongwe na zina thamani yake, lakini hazikuwahi kumwita mtu yeyote kwenye onyesho lolote. Yaani ni mabango ambayo hayakuwahi kuwa matangazo.

Berlin: mkusanyo wa Hans Sachs

Hakuna historia inayoonyesha uzito wa suala hili kuliko ile ya Hans Sachs. Alizaliwa mwaka 1881, akawa daktari wa meno mjini Berlin, na alianza kukusanya mabango tangu ujana wake. Mwaka 1905 alikuwa mmoja wa waanzilishi wa chama cha wapenzi wa mabango mjini humo. Kuanzia mwaka 1910 hadi 1921 chama hicho kilikuwa na jarida lake, Das Plakat, lililochapisha makala juu ya wachoraji, uchapaji na matumizi ya mabango. Kwa njia hiyo, mapenzi ya mtu binafsi yakageuka kuwa elimu. Sachs hakurundika karatasi. Alizipanga, alizionyesha kwa umma na kuziandikia. Mkusanyo wake, ambao kwa hesabu yake ulifikia takriban mabango 12,500, ulikuwa miongoni mwa mikubwa kabisa duniani.

Sachs alikuwa Myahudi. Mwaka 1938 polisi wa siri wa utawala wa Wanazi walikuja kuuchukua mkusanyo wote kwa amri ya wizara ya Joseph Goebbels. Mwezi Novemba mwaka huo huo Sachs alikamatwa na kupelekwa katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Alipoachiliwa, alikimbilia Marekani pamoja na familia yake. Inafaa kukumbuka kwamba miaka miwili tu kabla ya hapo, mji huo huo wa Berlin ulikuwa umesambaza ulimwenguni bango la Olimpiki ya mwaka 1936, kazi ya Franz Würbel, lililowakaribisha watu wa mataifa yote. Bango lilikaribisha wageni katika mji ambao ulikuwa ukiwafukuza wenyeji wake.

Baada ya vita Sachs aliamini kwamba mabango yake yameteketea, na mwaka 1961 Ujerumani Magharibi ilimlipa fidia ya maki 225,000. Miaka michache baadaye alipata habari kwamba sehemu ya mkusanyo ilikuwa imesalimika katika makumbusho ya Berlin Mashariki. Alifariki mwaka 1974 bila kuyaona tena. Ujerumani mbili zilipoungana mwaka 1990, mabango hayo yaliingia katika makumbusho ya taifa ya historia mjini Berlin.

Mwanawe, Peter Sachs, alidai mabango yarudishwe. Mwaka 2007 kamati ya ushauri ilipendekeza yabaki katika makumbusho. Shauri likaenda mahakamani, na miongoni mwa karatasi zilizobishaniwa ilikuwamo ile ya mbwa mwekundu aliyechorwa na Thomas Theodor Heine kwa ajili ya jarida la Simplicissimus. Mahakama ya rufani ilikubali kwamba familia haikuwahi kupoteza umiliki, ila ikaona kwamba haiwezi tena kudai kurudishiwa mali hiyo. Hatimaye, tarehe 16 Machi 2012, mahakama kuu ya shirikisho iliamua kwamba kumnyima mmiliki haki ya kurudishiwa kungekuwa ni kuuendeleza udhalimu wa Wanazi. Mabango 4,259 yakarudishwa kwa familia, na kuanzia mwaka 2013 yakapigwa mnada mjini New York.

Mwisho huo una haki ndani yake, na una hasara pia. Mali ilirudi kwa mwenyewe. Lakini mkusanyo ambao mtu mmoja aliujenga kwa miongo minne ukatawanyika kwa wanunuzi wengi. Hasara hiyo haiwezi kutwikwa familia, kwa kuwa aliyeuvunja mkusanyo kwanza ni yule aliyeupora. Funzo kwa wahifadhi ni kwamba makumbusho haiwezi kujitetea kwa kusema inatunza vizuri, iwapo haiwezi kueleza kwa uwazi ilivipataje inavyovitunza.

Uasilia hupimwaje?

Iwapo bango ni ushahidi, hapana budi kujua ushahidi wa kweli hutambuliwaje. Kipimo cha kwanza ni mbinu ya uchapaji. Litografia ya mawe, ikitazamwa kwa kioo cha kukuzia, huonyesha chembechembe zisizolingana, kama alama za kalamu ya nta juu ya jiwe. Nakala nyingi za baadaye, zilizopigwa picha na kuchapwa upya, huonyesha vitone vidogo vilivyojipanga kwa safu. Kipimo cha pili ni ukubwa wa karatasi: nakala za kumbukumbu mara nyingi hupunguzwa au hukatwa pambizo. Cha tatu ni alama za maisha: mikunjo, stempu ya kodi iliyotakiwa Ufaransa, jina la mchapaji chini ya picha, na pengine kitambaa kilichobandikwa nyuma ili kuizuia karatasi isichanike. Mwanafunzi asidhani kwamba mkunjo ni dosari tu. Mkunjo nao husimulia jinsi bango lilivyosafirishwa.

Hata hivyo, kipimo kinachowahusu zaidi wanahistoria ni tarehe. Mfano bora ni wa Helsinki. Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1940 ilikuwa imepangiwa Tokyo, kisha ikahamishiwa Helsinki, na Ilmari Sysimetsä akachora bango lenye sanamu ya mkimbiaji Paavo Nurmi mbele ya tufe la dunia. Vita vikaizuia michezo hiyo. Helsinki ilipopata tena nafasi mwaka 1952, mchoro ule ule ulitumiwa, lakini tarehe zikabadilishwa, na hata mpaka wa Finland katika ramani ukarekebishwa, kwa kuwa vita vilikuwa vimeihamisha nchi hiyo mipaka yake. Kwa mtazamaji wa haraka, mabango hayo mawili ni pacha. Kwa mwanahistoria, moja ni tangazo la tukio ambalo halikutokea kamwe, na jingine ni hati ya nchi iliyopoteza ardhi yake. Anayemiliki nakala ya baadaye isiyo na tarehe wala mpaka wa kuaminika anamiliki picha nzuri tu.

Bango na taaluma ya Kiswahili

Afrika Mashariki inao mfano wake, na kiini chake ni neno la Kiswahili. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya magari yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Nayo yakabeba jina la Safari ya Kutawazwa. Mwaka 1960, uhuru ulipokuwa ukikaribia, habari ya kutawazwa iliondolewa, na yakabaki kuwa Safari ya Afrika Mashariki. Baadaye jina likawa Safari Rally, na mashindano yakabaki Kenya peke yake. Yaliingia katika ubingwa wa dunia mwaka 1973, yakatoka baada ya mwaka 2002, na kurejea mwaka 2021. Neno moja tu halikuguswa katika mabadiliko hayo yote: safari.

Mkusanyaji huyatumia majina hayo kukadiria umri wa bango. Mwanaisimu anaweza kuyatumia kwa jambo kubwa zaidi. Safari, neno lenye asili ya Kiarabu, kwa Mswahili ni mwendo wowote wa kutoka hapa kwenda kule, hata wa kwenda kuhani msiba Tanga. Katika Kiingereza, ambamo lilikuwa limekwisha kuingia tangu karne ya 19, maana yake ilifinywa ikawa mwendo wa porini wenye wanyama. Mabango ya mashindano yaliliongezea vumbi, matope na kasi. Anayetaka kuandika historia ya neno hilo nje ya mipaka ya Waswahili hawezi kutosheka na kamusi. Atahitaji pia karatasi hizo.

Aidha, mabango ya Kiswahili chenyewe yana lugha yake. Humo ndimo mnamopatikana kiingilio, pambano, onyesho na tamasha yakiwa kazini. Humo hupatikana burudani ya kukata na shoka, na ile kauli isemayo kwamba tukio si la kukosa. Sentensi zake ni fupi, vitenzi mara nyingi havimo, na msomaji huambiwa mahali, siku na bei kabla hajaambiwa jambo lingine. Huu ni mtindo kamili wa lugha, na una historia. Lakini ushahidi wake ulibandikwa kwa gundi ya unga, ukanyeshewa mvua, ukafunikwa na bango la wiki iliyofuata. Kitabu hupelekwa maktaba kwa desturi. Bango la dansi la Jumamosi halipelekwi.

Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa inaonyesha kwamba ukusanyaji wa mabango si anasa ya wenye fedha peke yao. Sachs alianza akiwa kijana, na alichokiongeza juu ya karatasi zake ni mpangilio na maelezo. Kazi kama hiyo yawezekana popote penye ukuta na mbandikaji. Inatosha kuomba nakala kabla haijapakwa gundi, kisha kuandika pembeni, kwa penseli, tarehe iliyopokewa, mahali, mchapaji na jina la aliyeitoa. Mistari hiyo minne ndiyo inayolitofautisha bango asilia na karatasi kuukuu. Na ndiyo itakayomwezesha mtafiti wa kesho kujua kilichoitwa tamasha, kiingilio kilikuwa shilingi ngapi, na Kiswahili kilikuwa kikiwaitaje watu waje.