Sarufi na nahau za Kiingereza: Kizingiti cha watahiniwa Kisii na Nyamira

KIINGEREZA ni somo ambalo mtahiniwa wa Kenya hana njia ya kulikwepa. Katika Mtihani wa Kitaifa wa Darasa la Nane (KCPE), ulioanza 1985 na kufanywa kwa mara ya mwisho 2023, somo hili lilikuwa na karatasi ya maswali 50 ya kuchagua jibu na insha ya dakika 40. Mwanafunzi wa Keroka au Ekerenyo aliyetamani nafasi katika shule ya kitaifa alijua kwamba kihusishi kimoja kilichokosewa kingeweza kumpokonya nafasi hiyo.

KCPE imeondoka, lakini ushindani ungalipo. Wanafunzi wa Gredi ya Tisa walifanya mtihani wao wa kwanza wa KJSEA mwaka wa 2025. Mtihani huo una uzito wa asilimia 60 katika kuwapanga wanafunzi kwenye shule za sekondari ya juu. Asilimia 20 hutokana na mtihani wa Gredi ya Sita (KPSEA), na 20 nyingine na tathmini za shuleni.

KCSE nayo, chini ya mfumo wa 8-4-4, imepangiwa kuendelea hadi 2027. Katika mtihani huo, Kiingereza kina karatasi tatu zenye jumla ya alama 200. Zoezi la kujaza mapengo katika karatasi ya kwanza lina alama 10, na sehemu ya sarufi katika karatasi ya pili ina alama 15. Anayetaka kusomea sheria katika chuo kikuu hutakiwa kupata angalau B katika Kiingereza au Kiswahili.

Makosa mengi ya watahiniwa wa Gusii hayatokani na uzembe. Hutokana na Ekegusii na Kiswahili, lugha mbili za Kibantu zinazofanana kimuundo na kutofautiana sana na Kiingereza. Anayeijua mipaka hiyo hujua mahali pa kutilia mkazo anapofanya mazoezi.

Mpaka wa kwanza ni jinsia. Kiswahili husema "amekuja" bila kubainisha mwanamume au mwanamke, na Ekegusii hufanya vivyo hivyo. Kiingereza hudai "he" au "she", na mwanafunzi anayeandika kwa haraka humgeuza shangazi kuwa mwanamume katikati ya insha.

Pili ni vihusishi. Katika Kibantu, uhusiano mwingi hubebwa na kitenzi chenyewe: "pika" huwa "pikia", na katika Ekegusii "ruga" huwa "rugera". Kiingereza hutumia neno la pekee, na neno hilo halikisiwi. Mtu hushtakiwa "charged with", hutuhumiwa "accused of" na hupongezwa "congratulated on". Kitenzi "discuss" hakihitaji "about", ijapokuwa wengi huliongeza kwa kufuata "kujadili kuhusu".

Tatu ni maswali ya mkazo. Kiswahili hutosheka na "sivyo?" kwa kila sentensi. Kiingereza hubadilisha kiulizi kulingana na kitenzi: "She sings, doesn't she?" lakini "They have not eaten, have they?" Majibu nayo huwapotosha wengi. Ukiulizwa kwa Kiswahili "Hujala?" waweza kujibu "Ndiyo, sijala." Kwa Kiingereza jibu ni "No, I haven't."

Nne ni nomino zisizohesabika. Kwa kuwa Kiswahili kina "vifaa", "mashauri" na "habari", wanafunzi huandika "equipments", "advices" na "informations". Zote tatu ni makosa.

Tahajia pia huathirika. Ekegusii hakina sauti ya "l", ndiyo maana neno "school" lilipopokewa likawa "esukuru". Mwandishi asiye makini huandika "pray" akikusudia "play", na maana ya sentensi nzima ikapotea.

Kuhusu nahau, kanuni ni moja: usifasiri neno kwa neno. Mzungumzaji wa Kiswahili anafahamu kwamba "kupiga" katika "piga pasi", "piga hodi" na "piga marufuku" hakuhusu kipigo. Vivyo hivyo, "put off" ni kuahirisha, "put out" ni kuzima moto na "put up with" ni kuvumilia. Msemo "let the cat out of the bag" hauhusu paka hata kidogo, bali kutoa siri. Hukaribiana na "kumwaga mtama penye kuku wengi".

Aidha, umbo la nahau halibadilishwi ovyo. "Once in a blue moon", yaani mara chache mno, haiwezi kuwa "once in a green moon". Mtahiniwa anayepachika nahau kumi katika insha bila kuzingatia muktadha hujiharibia. Mbili zilizokaa mahali pake zatosha.

Mazoezi yenye manufaa hayahitaji gharama kubwa. Mwanafunzi aweke daftari la makosa yake mwenyewe. Kila kosa aliandike pamoja na sentensi sahihi, kisha atunge sentensi mbili zake. Nahau aziandike ndani ya sentensi, kamwe si kama orodha ya maneno matupu. Katika kujaza mapengo, asome kifungu chote kwanza, kwa kuwa jibu la pengo la pili mara nyingi limo katika sentensi ya nne. Karatasi za miaka iliyopita zimsaidie kujua kwa nini jibu fulani ni sahihi, wala si kukariri herufi A, B, C na D.

Kwa miaka mingi, shule nyingi nchini zilimvisha kisahani shingoni mwanafunzi aliyenaswa akizungumza lugha ya mama. Adhabu hiyo ilimfunza kunyamaza, nayo haikumfunza vihusishi. Mwalimu wa Nyamache au Kebirigo anayeandika ubaoni sentensi ya Ekegusii, ya Kiswahili na ya Kiingereza sambamba, na kuwauliza wanafunzi zinapotofautiana, huwapa nyenzo ambayo watahiniwa wengi wa zamani hawakuipata.