Korongo, Mwalimu wa Kuruka

Asimamaye ukingoni mwa nyanda za Mbulu, hapo nchi iporomokapo kuelekea Ziwa Manyara, huona ndege wakubwa wakipaa na upepo pasipo kupiga bawa. Wakati Ulaya imo katika baridi, miongoni mwao huwamo korongo weupe watokao huko.

Korongo ndio waliomfundisha Mjerumani Otto Lilienthal. Mwaka 1889 alitoa kitabu juu ya kuruka kwa ndege, akionyesha kwa vipimo kwamba bawa lililojipinda huchukuliwa na upepo kuliko lililo bapa. Mwaka 1891 akaanza kuruka mwenyewe. Na mwaka 1894 akajenga karibu na Berlin kilima cha mita 15, mfano wa pia, apate kuukabili upepo utokao upande wowote. Watu walisongamana kumtazama. Alining'inia kwa mikono katika mabawa ya fito na kitambaa, akajiongoza kwa kuitupa miguu huku na huku. Punde si punde, akatua.

Tarehe 9 Agosti 1896, katika vilima vya Rhinow, upepo ulimsimamisha hewani, akaanguka. Kesho yake akafariki. Mwezi huohuo ndio korongo waanzao safari ya kuja kwetu.

Umati uliona mchezo wa dakika isiyotimia. Haukuona miaka zaidi ya 20 ya kupima iliyoutangulia. Basi tusidhani kwamba elimu hii ni ya mbali: mwalimu wake hupita juu ya vichwa vyetu kila mwaka. Kilichotupungukia si ndege, bali kipimo.