Kimea katika Uji wa Mtoto: Historia ya Ulishaji wa Nyongeza Mkoani Iringa

Katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania, chakula cha kwanza anachopewa mtoto mbali na maziwa ya mama kimekuwa, kwa vizazi vingi, uji wa mahindi, mtama au ulezi, na ni katika kipindi hicho cha kuanzishiwa uji ambapo mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki huanza kulala. Sababu yake ilitafutwa kwa muda mrefu mahali pasipo penyewe. Tangu Cicely Williams, daktari aliyefanya kazi Gold Coast, yaani Ghana ya leo, alipoeleza mwaka 1933 ugonjwa wa kwashakoo, ambao huwavimbisha watoto walioachishwa ziwa, wataalamu wengi waliamini kwamba kinachokosekana ni protini, na fedha nyingi zikamiminwa katika unga wa soya, unga wa samaki na maziwa ya unga, mpaka Donald McLaren alipoishambulia imani hiyo katika jarida la Lancet mwaka 1974.

Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoundwa mwaka 1973, ilirithi mjadala huo, lakini watafiti wake waliutazama uji wenyewe. Wanga, ambao ndio sehemu kubwa ya nafaka, hufyonza maji na kuvimba unapopikwa, hivyo uji mwepesi wa kumezwa na mtoto huwa na takriban gramu 5 tu za unga katika kila gramu 100. Mtoto wa kilo 8, ambaye tumbo lake hupokea kama gramu 240 kwa mlo mmoja, hupata humo nishati isiyofika kilokalori 50, ilhali mtoto wa miezi 9 hadi 11 anayenyonya huhitaji kilokalori 300 hivi kwa siku kutoka katika vyakula vya nyongeza. Angelazimika kulishwa mara saba, na hakuna mama mwenye shamba awezaye hilo. Kumlaumu kwa uzembe, kama wengi walivyofanya, ilikuwa ni kutojua hesabu.

Jibu lilikuwa tayari kwenye vyungu vya wapika pombe. Kimea ni nafaka iliyolowekwa, ikaachwa siku mbili tatu ichipue, ikaanikwa na kusagwa, na ndani yake hujengeka amilesi, kimeng'enya kinachoukatakata wanga. Kijiko kimoja kikikorogwa katika uji mzito uliopoa kidogo (kwa kuwa moto mkali hukiua kimeng'enya hicho), uji huo hulainika kwa dakika chache bila kuongezwa maji, kisha hurudishwa jikoni uchemke. Wanawake waliokuwa wakitengeneza togwa walilifahamu jambo hili zamani. Kazi ya watafiti A. C. Mosha na Ulf Svanberg, iliyochapishwa kuanzia mwaka 1983, ilikuwa kulipima na kuonyesha kwamba uji wa kimea unaweza kubeba unga mara kadhaa zaidi ukiwa bado wanyweka. Ulezi ulipendelewa, maana machipukizi ya mtama huwa na kemikali inayozalisha sayanidi.

Wakati huohuo ulianza mkoani Iringa, kwa fedha za serikali ya Italia na usimamizi wa UNICEF na WHO, mpango wa lishe ulioanzia katika vijiji 168, ambamo watoto walipimwa uzito kijijini na matokeo kujadiliwa na wanakijiji wenyewe. Kati ya 1984 na 1988 watoto wenye uzito pungufu walishuka kutoka takriban asilimia 56 hadi 38. Kimea kilihimizwa humo, ingawa haiwezekani kukitenga na chanjo, matibabu na vituo vya kulishia watoto, na si haki kukipa sifa yote.

Tena kimea huongeza nishati, hakiongezi madini ya chuma wala zinki, ambayo mwili huyahitaji ili kukua. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta udumavu, yaani ufupi usiolingana na umri, kwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5, na katika Iringa, mkoa unaouza mahindi kwa wengine, kwa zaidi ya nusu yao.