Tochi haipimwi kwa mwangaza: historia ya taa ya mfukoni huku kwetu Kindu

Wandugu, mwaka jana nilikuwa natoka kwenye shamba la majaribio la muhogo upande wa Alunguli. Giza likatukuta kwenye kivuko. Lualaba ilikuwa imejaa maji ya mvua, na mwenye mtumbwi akaomba mtu amulike mbele, sababu magogo yalikuwa yanateremka na maji. Nikatoa tochi yangu mpya. Dukani ilikuwa inawaka sawa vile taa ya gari. Pale mtoni iliwaka dakika chache, ikafifia, ikazimika. Baba mkubwa mmoja akachomoa ya kwake, ya bati, ya mawe mawili, imekwaruzika pande zote. Mwangaza wake ulikuwa mdogo, lakini ulitufikisha ng'ambo. Tulipoteremka akaniambia: "Mutoto, ulinunua mwangaza, haukununua jiwe."

Neno lile sikuliacha. Nilipoenda kusoma, niliona kwamba historia yote ya tochi iko ndani yake.

Jiwe lilitangulia tochi. Mwaka 1866 Mfaransa Georges Leclanché alitengeneza betri ya zinki na manganizi, lakini ilikuwa na maji ndani ya chupa, huwezi kuitia mfukoni. Miaka ishirini baadaye Mjerumani Carl Gassner akaifanya iwe kavu, imefungwa ndani ya kopo la zinki. Hapo ndipo ikawezekana kutembea nayo. Tarehe 10 Januari 1899, kule New York, David Misell akapata hati ya ubunifu wa tochi ya bomba, mawe yamepangwa moja nyuma ya lingine, sawa na zile tunazozijua. Kwa Kiingereza waliipa jina la taa ya mmweko, sababu betri za wakati ule zilikuwa dhaifu: unawasha kidogo, unazima, unaacha jiwe lipumzike. Tangu siku ya kwanza, ugonjwa wa tochi ulikuwa jiwe.

Huku kwetu, reli ya kutoka Kindu ilifika Kongolo mwaka 1910. Vitu vya madukani vikawa vinakuja kwa reli na kwa masuwa. Nyumbani watu waliendelea na koroboyi, utambi ndani ya kopo la mafuta. Halafu yakaja makampuni ya migodi. Symétain ilianzishwa mwaka 1932 kuchimba bati, na kule Kalima maji ya Lutshurukuru yalitumiwa kutoa umeme kwa ajili ya kazi ya migodi. Umeme ulikwenda kwenye mashine. Mwanakijiji alibaki na njia moja: abebe mwangaza wake mwenyewe, na kila jiwe alilipe kwa franka zake.

Bei ya kweli ya tochi ilionekana wakati wa vita. Oktoba 1998 Kindu iliingia mikononi mwa RCD, reli ikakatika, na vitu vingi vikawa vinakuja kwa ndege tu. Tochi nyumbani ilikuwepo, jiwe njo lilikosekana. Wazazi wetu walianika mawe juani, wakayabonyeza kwa meno, ili wapate dakika chache tena. Hayo si ujinga: joto linaharakisha kazi ya kemia iliyobaki ndani, lakini haliongezi kitu kipya. Na jiwe lililokufa kabisa, shule za vijijini zililivunja, unga wake mweusi wakauchanganya na majani yaliyopondwa, wakapaka ubao. Wengi wetu tulijifunza kuandika juu ya manganizi bila kujua.

Mabadiliko makubwa yametoka Japani. Sony ilitoa betri ya lithiamu-ioni sokoni mwaka 1991. Mwaka 1993 Shuji Nakamura alionyesha LED ya bluu yenye nguvu, na kutoka kwake ikapatikana LED nyeupe. LED inakula umeme kidogo sana kuliko balbu ya waya. Sasa mwangaza umekuwa rahisi, na hapo ndipo mtego ulipo. Ukiweka LED nyingi mbele, kila mteja anashangaa. Betri iliyo ndani haioni. Tochi nyingi za bei ndogo za kuchaji zina betri ya risasi iliyofungwa. Ukiiacha tupu wiki mbili, salfati inaganda juu ya bamba zake, haipokei tena chaji vizuri. Ile yangu njo ilikufa vile.

Kwa hiyo nikishika tochi leo, nauliza mambo manne. Kwanza, betri inatoka? Kama haitoki, siku inapokufa tochi yote imekufa. Pili, naweza kuichaji na sola au waya wa simu, bila kungoja umeme? Tatu, ina mwangaza mdogo wa kutembelea usiku mzima, si ule mkali peke yake? Nne, bei yake, igawe kwa miezi itakayoishi. Tochi ya bei ndogo inayokufa kila miezi miwili imepita bei ya ile unayoiogopa dukani.

Na kwa sababu mimi ni mtu wa udongo, naongeza la tano: ikishakufa inakwenda wapi? Zinki na manganizi kidogo mmea unavihitaji. Risasi hakuna mmea unaoihitaji, na haiozi. Usiitupe kwenye bustani ya lengalenga, utakuja kuila.

Lililobaki linaniuma. Zinki iko Kipushi, manganizi iko Kisenge, kobalti ya betri za lithiamu iko Kolwezi, bati la kuunganishia nyaya liko Kalima, hapa kwetu. Mawe yetu yanatoka kwa magunia, yanarudi yamefungwa ndani ya plastiki, nasi tunayanunua kwa kuangalia mwangaza. Kabla hatujafikia kutengeneza, tuanze na kujua kuchagua. Siku ukienda sokoni, fungua kwanza nyuma, angalia jiwe. Mbele utawasha baadaye.