Senti ya Bibi na Mji wa Birmingham



Kila tukutanapo vijana huuliza ni kipi kilichotuleta Birmingham, mji usio na bahari. Nilifika mwaka 1990 nikiwa mtu mzima, nikadhani sisi ndio wa kwanza kuuunganisha mji huu na kwetu. Senti moja ya marehemu bibi ilinisahihisha.

Ni senti kumi ya shaba yenye tundu, ya mwaka 1936, aliyoitunga katika uzi pamoja na ufunguo wa kasha lake. Ina jina la Mfalme Edward VIII, aliyejiuzulu Desemba mwaka huo kabla ya kutawazwa. Ina pia herufi ndogo H, alama ya Heaton, kiwanda cha kupiga sarafu kilichokuwa Icknield Street, hapa Birmingham. Senti nyingine za mwaka huo zina KN, yaani King's Norton, napo ni hapa hapa. Hata rupia ya Mombasa ya mwaka 1888, iliyotolewa na kampuni ya IBEA, ina H. Basi Birmingham ilikuwa imeingia mifukoni mwa wazee wetu zamani sana.

Mji huu ulikua kwa kuuza ng'ambo. Mwaka 1801 ulikuwa na watu wapatao 74,000. Mwaka 1901 walizidi 520,000. Ulitengeneza vifungo, nibu za kalamu, mashine za mvuke. Si yote ya kujivunia: katika karne ya 18 bunduki zake zilipelekwa Afrika ya Magharibi zikabadilishwa kwa watumwa. Nasi, tuliotoka pwani yenye historia yake ya utumwa, hatuna ruhusa ya kulipita jambo hilo kimya.

Kisha soko la dunia likageuka. Kiwanda cha sarafu kilifungwa mwaka 2003. Aprili 2005 ikaanguka kampuni ya magari ya MG Rover huko Longbridge, na watu wapatao 6,000 wakapoteza kazi; mitambo ilinunuliwa na kampuni ya Nanjing ikasafirishwa China. Wakati huo nilikuwa karani wa serikali, nikipokea fomu za waliofukuzwa kazi. Mzee mmoja, fundi wa miaka thelathini, aliniuliza kama kwetu kuna kazi. Nilicheka, kisha nikaona hafanyi mzaha.

Hata hivyo mji haukufa. Sensa ya 2021 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1.1, na zaidi ya robo yao walizaliwa nje ya Uingereza. Wapo wasemao kwamba tumekuja kula tusichopanda. Mimi siafiki. Bibi aliuza mikate ya mofa akilipwa kwa senti hizo, na mafundi wa Icknield Street walilipwa kwa kuzipiga.

Senti nitakuja nayo Jumamosi, baada ya chakula cha mchana. Watoto waishike kwa taratibu, maana uzi ni ule ule wa bibi.